Bata wa Ueno na ndoa yetu

Ukisikia Tokyo, akilini zinakuja treni za kasi na taa za rangi. Sisi tulifika Januari, mwaka wa tatu wa ndoa, mwezi mmoja kabla mume wangu hajahamishiwa mkoa mwingine kikazi. Tulikuwa tumenuniana tangu uwanja wa ndege. Je, niache kazi nimfuate?

Baridi ikatukimbizia Makumbusho ya Taifa, pale Ueno. Ghorofa ya pili kuna chumba cha byobu, viwambo vya karatasi vinavyokunjwa. Jina lenyewe maana yake ni kinga ya upepo. Mara nyingi huwa viwili viwili, kila kimoja kina pande sita, na vinasomwa kutoka kulia: huku maua ya mwanzo wa mwaka, kule mwisho theluji. Vingi vina mandhari ya dhahabu, ambayo zamani iliakisi mwanga wa mshumaa kwenye vyumba vyenye giza.

Na ndege sasa! Korongo ni maisha marefu. Bata wa mandarini, dume lina rangi kama khanga mpya, ni mke na mume wanaopendana. Wajapani mpaka leo wanandoa wanaoivana huwaita kwa jina la bata hao, oshidori.

“Lakini jike likianza kulalia mayai, dume linaondoka,” mume wangu akasema. “Mwakani huenda likapata mwingine.” Kweli, wataalamu wa ndege wanasema hivyo hivyo. Korongo ndio hukaa na mwenzi yule yule miaka mingi, na hucheza pamoja.

Nikacheka, kwa mara ya kwanza safari nzima. Halafu nikaona jambo: kiwambo kinasimama kwa sababu kimekunjwa. Ukikinyoosha chote, kinaanguka. Bawaba zake ni karatasi tu, lakini zinashika.

Tukatoka hadi bwawa la Shinobazu, bata wa baridi wamejaa. Tulizungumza saa nzima. Sikuacha kazi, tulipanga nani atasafiri lini, na nauli itatoka mfuko gani. Mambo ya kawaida, ila tulikuwa hatujawahi kuyasema.

Ukienda, kumbuka: Jumatatu kwa kawaida wanafunga, na picha hubadilishwa mara kwa mara kwa sababu mwanga huziharibu. Ulizia kwanza. Na nenda na mwenzio, hata kama mmenuniana.