Lifti ya Pikapu Haitamaliza Lumbesa

Des Moines, Iowa



Mjomba, nimeisikiliza sauti uliyonitumia, pamoja na mbuzi aliyekuwa akilia nyuma yako. Umeona video ya mtu wa huku Marekani akibonyeza swichi, mlango wa nyuma wa pikapu ukashuka hadi chini na kulala bapa, akasukumia friji juu yake, akabonyeza tena, na friji ikapanda hadi kwenye bodi bila mtu yeyote kukunja mgongo. Ukauliza kwa mpigo mmoja: kitu hicho ni pesa ngapi, na je, siwezi kununua pikapu nzima ikiwa nacho, nikaipakia melini ije Mombasa?

Hilo la pili nalimaliza upesi. Kenya haipokei magari yaliyotumika yenye usukani wa kushoto, isipokuwa machache ya kazi maalumu, wala yaliyopita umri wa miaka minane. Pikapu za huku usukani wake ni wa kushoto. Nikikutumia moja itakaa bandarini ikidaiwa maegesho hadi tuchoke sote. Pikapu yako ya D-Max iliundwa Nairobi, vipuri vyake viko Makutano hapo Meru, itunze hiyo.

La kwanza linataka maelezo, na bahati nzuri umemuuliza mtu anayekula kwa kazi hiyo. Kazi yangu ya siku za wiki ni kupeleka mafriji, mashine za kufulia na makochi katika nyumba za watu. Lifti hizo naziona kila siku, na nyingi zina jina la Tommy Gate, kampuni iliyo Woodbine, kimji cha magharibi ya Iowa chenye watu wasiofika elfu mbili. Wanaziunda tangu 1965. Woodbine bado ina barabara ya matofali ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Lincoln Highway, mojawapo ya barabara za kwanza kuvuka Marekani kutoka bahari hadi bahari. 

Ndani ya lifti hakuna uchawi. Kuna mota ndogo ya umeme inayotumia betri ya gari, ile ile ya volti 12, kupitia waya mnene wenye fyuzi yake. Mota inazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta ndani ya silinda, silinda inanyanyua mikono ya chuma iliyoshika jukwaa. Mikono hiyo imepangwa sambamba, moja juu na moja chini, ndiyo maana jukwaa linapanda likiwa limelala sawa na friji haiinami. Kushuka hakuhitaji mota: vali inafunguliwa, mafuta yanarudi kwenye tangi lake, na jukwaa linateremka kwa uzito wake lenyewe. Kazi ikiisha unalikunja linasimama, na linakuwa ndio mlango wa nyuma wa pikapu. Za kawaida za pikapu hunyanyua pauni 1,300 hivi, yaani karibu kilo 590.

Sasa mambo ambayo video haikukuonyesha. Lifti yenyewe ni chuma, na inaweza kuzidi kilo 150. Pikapu yako inaruhusiwa kubeba takriban tani moja, kwa hiyo kabla hujapakia kiazi hata kimoja umeshakula sehemu ya mzigo wako, na sehemu hiyo inaning'inia nyuma kabisa ambako haisaidii gari kwenye mteremko. Baadhi ya vyuma vyake vinakaa chini ya bampa, na barabara ya Kibirichia wakati wa mvua unaijua kuliko mimi. Vidole vya miguu vinapenda kuingia kati ya jukwaa na ardhi, vya mikono kati ya jukwaa na bodi. Huku Januari mafuta yanakuwa mazito kwa baridi, lifti inapanda kwa kusitasita huku mota ikilia, nawe umesimama kwenye theluji ukiisubiri. Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu inatafuna viungo vya waya. Nyinyi hamna theluji wala chumvi. Mna vumbi, na vumbi likishikana na grisi ya bawaba linageuka msasa.

Lakini, mjomba, usidhani Wamarekani wamenunua lifti hizi kwa sababu wana huruma. Hakuna sheria ya nchi nzima huku inayotaja kilo ambazo mfanyakazi asizidishe kunyanyua. Kuna mwongozo tu wa taasisi yao ya usalama kazini, NIOSH, unaosema kwamba hata hali ikiwa nzuri kabisa, mzigo karibu na mwili na hakuna kujipinda, mtu asinyanyue zaidi ya pauni 51, ambazo ni kilo 23. Kinachomsukuma mwajiri ni bima. Hapa Iowa karibu kila mwajiri analazimika kuwakatia wafanyakazi wake bima ya kuumia kazini, na kadiri watu wake wanavyoumia ndivyo ada inavyopanda. Mgongo wangu ukiteguka, bosi analipa hospitali, analipa sehemu ya mshahara nikiwa kitandani, kisha analipa tena mwakani kwa ada iliyopanda. Akapiga hesabu, akaona lifti ni rahisi kuliko mgongo.

Nikirudi kwenu, mgongo wa kuli hauna hesabu popote. Tuna sheria nzuri tu: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na ya mwaka huo huo inayohusu fidia ya walioumia kazini. Lakini sheria ya fidia inamtafuta mwajiri, na kijana anayekupakilia viazi hana mwajiri. Analipwa kwa gunia. Leo amepakia la kwako, kesho la broka kutoka Nairobi, kesho kutwa ameshika kiuno na hakuna wa kumuuliza.

Nakumbuka vizuri jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Gunia limesimama shambani, limejazwa hadi mdomoni, halafu juu ya mdomo limeongezewa kofia ya viazi iliyoshonewa wavu wa kamba ya sisal. Ndiyo lumbesa. Wawili wanashika masikio ya chini, wawili wanashika juu, wa tano anainama mbele na kulitegea bega. Wanasema "haya", gunia linatua, na ile sekunde ambayo magoti yake yanatetemeka kabla ya kusimama ni sekunde ambayo kila mtu anatazama pembeni. Kisha anatembea juu ya matuta ya udongo mweusi wenye unyevu hadi kwenye gari, ambalo sakafu yake iko juu ya kiuno.

Nisiseme kwamba watu wetu hawana akili ya kupunguza kazi. Meru na Embu ni nchi ya matuta na mabonde, na dereva mjuzi hapakii mahali tambarare. Anarudisha pikapu nyuma hadi ikutane na ukingo wa barabara, sakafu ya bodi ikawa sawa na shamba la juu, gunia likaburutwa likaingia. Pasipo na ukingo, wanachimba mitaro miwili mifupi, magurudumu ya nyuma yanazama, bodi inashuka. Pipa la mafuta la lita 200 linapandishwa kwa mbao mbili za mukima na kamba mbili: kamba zinafungwa kwenye bodi, zinapita chini ya pipa na kurudi juu, wawili wanavuta na pipa linapanda likijiviringisha. Hiyo nayo ni lifti, na haijawahi kuharibika kwa sababu ya fyuzi.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Jiulize kwa nini gunia la viazi ni zito. Miraa ya Maua na Laare haipakiwi hivyo. Inafungwa vibunda, inavishwa majani ya mgomba, inatupwa kwenye Hilux kwa mkono mmoja na gari limeshaondoka kabla hujamaliza kuaga. Majani chai ya kule Embu yanakwenda kiwandani Mungania katika mifuko myepesi ya wavu, na ndani ya lori mifuko hiyo inatundikwa kwenye kulabu isilaliane. Kwa nini? Kwa sababu jani likibanwa linapata joto na kuharibika, na kiwanda kinalikataa. Tena chai hupimwa kwa mizani, kilo kwa kilo, mbele ya mkulima. Kiazi hakilalamiki kikibanwa, na mnunuzi analipa kwa gunia. Kila kiazi anachokibandika juu ya gunia baada ya bei kukubaliwa ni chake bure. Basi uzito ule haukutoka shambani. Umetoka kwenye namna ya kununua, na wanaoulipia ni wawili: wewe mfukoni na kuli kiunoni.

Kuna vitu vizito kwa maumbile yake. Friji huwezi kuigawa mara mbili, wala injini ya posho mill, wala ng'ombe. Gunia unaweza. Kununua lifti ya Woodbine ili inyanyue lumbesa ni kumsaidia broka akuibie kwa raha zaidi. Kesho ataona linapanda bila taabu, na kofia itaongezwa juu ya kofia.

Kwa hiyo, mjomba, lifti sitakutumia. Aliyenifanya nifikirie kutuma ni shangazi wa Runyenjes. Yeye anauza gesi na mafuta, na mtungi mkubwa ambao mahoteli na shule hununua, ule wa gesi kilo 50, ukiongeza chuma chake unazidi kilo 85. Haugawanyiki, na unatakiwa kusafirishwa ukiwa umesimama, si kuviringishwa kama pipa. Wale wa Mount Kenya Milk mjini Meru wanaokusanya maziwa kwa mikebe ya chuma ya lita 50 nao naona wangefaidi, maana mzigo wao ni ule ule asubuhi zote, na umwagikapo hauzoleki.

Hata kwa shangazi, singeanza na meli. Mafundi wetu wa kuchomelea wanaunda milango, matrela na mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Kreni ndogo ya pembeni mwa bodi haiwashindi. Ni nguzo ya bomba nene inayozunguka ndani ya bomba jingine, mkono wa chuma wenye ndoana, na jeki ya mafuta ya kuunyanyua mkono huo, kama zile wanazotolea injini gereji. Haina mota, haina waya, vumbi halijui la kuifanya, na pikapu ikienda kukaguliwa na mamlaka ya usafiri, NTSA, inang'olewa kwa pini mbili. Nguzo ifungwe kwenye chesisi, isichomelewe kwenye bati la bodi. Bati litapasuka mtungi wa kwanza tu. Na fundi aijaribu kwa mzigo mzito kuliko ule wa kazi kabla shangazi hajasimama karibu nayo. Anitumie hesabu ya chuma, nusu nitatoa.

Najua utaniuliza kuhusu vijana wa kupakia. Watakula nini mashine ikija? Swali hilo nimelisikia hata huku, na silipuuzi. Lakini ukigawa tani ya viazi katika magunia 20 badala ya manane au tisa, kazi haijapungua. Imeongezeka, na inaweza kufanywa na mtu wa miaka 50, si kijana wa 22 peke yake ambaye akifika 35 amekwisha. Kinachotakiwa ni malipo yao yahesabiwe upya kwa kilo.

Wala sikuletei mawazo ya Iowa. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu uzito wa mizigo tangu 1967, na pendekezo lililoambatana nao likataja kilo 55 kwa mwanamume mzima. Kenya ilitangaza gunia la viazi la kilo 110 mwaka 2005, ikaja kulishusha hadi 50 katika kanuni za viazi za 2019. Kilo hamsini! Ni chini ya kiwango cha shirika hilo. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo haijawahi kuamka saa kumi na moja asubuhi kuwahi lori.

Na serikali ya kaunti nayo haiko nje ya lawama. Ushuru wa mazao barabarani ukitozwa kwa gunia, mwenye lori ana sababu ya pili ya kujaza lumbesa: magunia machache, ushuru mdogo. Wawakilishi wadi wa Meru wanaweza kubadilisha hilo bila kusubiri Nairobi. Watoze kwa kilo, waweke mizani Kibirichia, Timau na Gakoromone, na lori lenye kofia lirudi lilikotoka.

Wewe una mizani ya kupimia mahindi imening'inia stoo. Msimu huu itoe nje, uitundike kwenye mti ulio karibu na lango, na broka akija mwambie bei ni ya kilo. Akikataa, zungumza na majirani zako kabla hajafika kwao. Mmoja akisimama peke yake atamruka tu aende shamba la pili; mkisimama kijiji kizima, itabidi anunue kwa mizani au arudi Nairobi na lori tupu.