Upepo wa Gurudumu Wakati wa Jua Kali

Hapa kwetu Ugogo, mwezi wa Oktoba na wa Novemba lami ya barabara haikanyagiki kwa mguu mtupu. Ndiyo majira ambayo vijana wa pikipiki hupunguza upepo katika magurudumu, wakisema, "Jua likizidi hewa hutanuka, na tairi litapasuka." Neno hilo lina nusu ya kweli, na nusu hiyo imewapoteza wengi.

Kweli hewa ikipata moto hutanuka. Gurudumu lililojazwa ratili 30 asubuhi, lingali na joto la digrii 25, likifika digrii 60 barabarani kipimo chake hupanda ratili 5 hivi. Walakini waliolitengeneza tairi walikwisha kulihesabia jambo hilo. Kiuacho tairi ni moto uzaliwao ndani yake lenyewe. Gurudumu lenye upepo haba hubonyea chini ya mzigo, na ubavu wake hukunjwa na kukunjuka kila lizungukapo, yaani zaidi ya mara 500 kwa dakika moja katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Twaa kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua upesi upesi, kisha uguse pale palipokunjwa. Ndivyo mpira nao upatavyo moto, ukalainika, hata nyuzi zilizomo ndani zikaachana nao.

Novemba 2023 kijana wa usharika wetu aliwapakia mama mjamzito na dada yake kwenda zahanati. Tairi la nyuma lilikuwa kipara, tena alikuwa amelipunguza upepo asubuhi ile. Likapasuka mteremkoni. Yule mama alivunjika mkono. Mtoto, Mungu ashukuriwe, alizaliwa salama. Nalilitazama tairi lile: ndani mlikuwa na unga mweusi, mpira uliosagika wenyewe kwa wenyewe.

Basi upepo upimwe asubuhi, kabla pikipiki haijatembea, kwa kadiri iliyoandikwa na watengenezaji. Na mzigo ukiwa mzito kadiri yao huongezeka, haipungui. Mnunuapo tairi, msidanganywe na weusi wake, maana wako wapakao mafuta. Tazameni ubavuni tarakimu nne: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019.

Kipimo cha upepo kipo shuleni kwetu. Mwenye kukihitaji na aje kabla ya kengele ya saa moja.