Meno ya Mudogo Wangu na Sheria ya 1952

Mudogo wangu akicheka, anafunika kinywa na mukono. Juu, upande wa kushoto, hana chonge. Alipokuwa na miezi saba hivi, muzee mmoja wa kijiji chetu, huku Kivu, alimupasua ufizi na musumari uliopashwa moto. Mutoto alikuwa anahara na homa inamuwakia. Wamama waliona uvimbe mweupe katika ufizi, wakasema: ni meno ya plastiki, yatolewe mbio, kama sivyo atakufa.

Kile walichotoa hakikuwa ugonjwa. Ilikuwa mbegu ya jino lenyewe, bado laini. Watoto wengine hutoka damu mpaka wanakufa, wengine wanapata pepopunda. Wetu alipona, lakini jino halikuota tena.

Tate, baba ya baba yangu, naye alikuwa anang'oa meno ya watu wazima wakati wa Wabeleji. Hakuwa na karatasi yoyote. Siku moja nilimuuliza: “Tate, hamukuogopa gereza?” Akacheka: “Ile sheria ilikuwa ya Wazungu. Sisi walituacha tu.” Nilifikiri ni maneno ya uzee. Nilipokuwa ISP katika masomo ya historia, niliona kwamba alisema kweli.

Tarehe 19 Machi 1952, serikali ya kikoloni ilitoa dekreti juu ya sanaa ya kuponya watu. Aliyetaka kufanya kazi hiyo, na ya meno pia, alipaswa kuwa na diploma inayokubaliwa. Lakini dekreti hiyo hiyo iliwaachilia wenyeji waliotibu wenzao kwa kufuata desturi, mradi wasivuruge utulivu wa watu wala kuhatarisha afya.

Ukiisoma mbio, utasema Mubeleji aliheshimu desturi zetu. Mimi nasema tuangalie vizuri. Diploma iliombwa, lakini masomo ya kuipata yalikuwa wapi? Vijana wetu walifundishwa miaka mingi kuwa infirmiye na wasaidizi wa madaktari, bila kupewa cheo cha daktari. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa 1954 tu. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, hakuna Mukongomani hata mumoja aliyekuwa ametoka pale na diploma ya udaktari. Wa kwanza waliimaliza 1961. Kwa hiyo mulango wa diploma ulifungwa, na ule wa desturi ukaachwa wazi bila mulinzi. Nani alikuja kijijini kuangalia kama musumari unahatarisha afya?

Lakini tusimutupie mukoloni kila kitu. Sisi wenyewe tumeficha mambo mengi chini ya neno “desturi”. Jina lenyewe linatuambia: plastiki! Babu zetu waliijua wapi plastiki? Tate aling'oa jino lililooza, la mutu muzima aliyelia kwa maumivu na kuomba musaada. Hakugusa kamwe ufizi wa mutoto muchanga. Hiyo ilikuwa desturi, na ilikuwa na mipaka yake.

Mwaka jana binti yangu alianza kuhara, na ufizi ukavimba. Mama mukwe akaniambia kwa upole: “Baba, kuna muzee pale chini, anajua hiyo kazi.” Mama mukwe hajibiwi ovyo. Niliinamisha kichwa, kisha nikamuita mudogo wangu. Akaja, akasalimia, akafungua kinywa mbele yake, bila kufunika na mukono. Mama mukwe aliangalia kwa muda mrefu. Halafu yeye mwenyewe akachukua kitenge, akamubeba mutoto mugongoni, tukaenda dispanseri. Tulipewa maji ya chumvi na sukari. Kisha siku tatu akawa anacheza.

Sheria ya 1952 ilisema desturi isihatarishe afya. Maneno hayo ni mazuri, hata kama aliyeyaandika hakutufikiria sana. Ni juu yetu sisi wazazi na walimu kuyalinda nyumbani, kabla musumari haujawekwa motoni.