Mama Alivyonisubiri Stendi ya Gairo

Mwezi Agosti mwaka 2007 mama yangu alishuka kutoka kijijini kwetu, upande wa milima ya Ukaguru, akaja Gairo mjini kunipokea. Alifuatana na vijana wawili wa kubeba mizigo. Alikaa stendi tangu asubuhi, katika ule upepo wa Gairo ambao mwezi huo humfanya hata kijana ajikunyate, akitazama kila basi lililotoka Dar es Salaam. Jioni ilipoingia alikwenda kulala kwa mjomba. Kesho yake akarudi stendi tena, akasubiri mpaka basi la mwisho.

Mimi nilikuwa London. Sikuwa na safari wala tikiti, na hata nauli sikuwa nayo.

Habari hii sikuipata kwa mama. Aliona haya kuisema. Aliyeniambia ni mjomba, baada ya majuma mawili, na aliniambia kwa ukali. Sisi Wakaguru ukoo ni wa mama, na mjomba akikukemea huna pa kukata rufaa. "Ulimwambia mama yako umefika Dar," alisema. "Namba tuliiona sote. Ni namba ya hapa hapa nchini."

Nikaapa kwamba sikusema hivyo. Nilichosema kwenye simu ni kwamba nitakuja, Mungu akipenda, mwezi Desemba. Lakini sauti ilikuwa ikikatika, na mama alisikia "nitakuja" tu. Desemba ilipotelea njiani. Alipotazama kioo cha simu akaona namba inayoanza na 07, akafanya hesabu ambayo mtu yeyote mwenye akili angeifanya: mwanangu yuko nchini, keshokutwa atakuwa Gairo.

Ndugu msomaji, kisa hiki kingekuwa cha kuchekesha tu kama mimi ningekuwa mpishi au dereva. Lakini kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo ya simu. Niliajiriwa na kampuni ndogo iliyokuwa ikiuza simu za intaneti, yaani kadi za kukwangua za pauni 5 na pauni 10, ambazo Waafrika wengi wa London walizitumia kupiga nyumbani. Programu iliyokuwa ikiamua simu ipite njia gani, na ile iliyokuwa ikihesabu salio la mteja, zote mbili niliziandika mimi juu ya Asterisk, ile programu huria aliyoianzisha Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999. Hivyo anayestahili kuulizwa kwa nini sauti ya Desemba ilipotea alikuwa mimi mwenyewe.

Naomba nieleze kazi yenyewe, maana si ngumu kama watu wanavyodhani. Kampuni kama yetu haikuwa na waya wala mnara. Ilinunua dakika kwa wauzaji wa jumla, labda 8 au 10, ambao kila mmoja alileta orodha ya bei. Mteja akipiga namba inayoanza na 255, programu inajua ni Tanzania. Ikiona 25524 inajua ni Zanzibar, 25523 ni upande wa Morogoro na Pwani na kusini, na 2557 ni simu ya mkononi. Kanuni ni kwamba tarakimu nyingi zaidi zinazolingana ndizo zinazoshinda, kama vile mpiga debe asemaye "Gairo" anavyomshinda yule asemaye "Dodoma" kwa abiria anayeshuka Gairo, ingawa basi ni moja. Baada ya hapo programu huwapanga wauzaji kwa bei, wa chini kwanza. Akishindwa wa kwanza, simu hupelekwa kwa wa pili.

Kuchagua njia ya simu hakujawahi kuwa jambo lisilo na hila. Husimuliwa kwamba Almon Strowger, mzikaji maiti wa Kansas City, alitengeneza mtambo wa kuunganisha simu bila mkono wa mtu kwa sababu alishuku kwamba mwanamke wa pale kwenye ubao wa simu alikuwa akiwapeleka wafiwa kwa mshindani wake. Haki ya uvumbuzi aliipata mwaka 1891. Alidhani akimwondoa mtu, hila nayo itaondoka.

Mimi nilidhani hivyo pia. Kwa kujiona mjanja, niliongeza kipimo cha pili katika programu yangu. Licha ya bei, ilitazama katika kila simu 100 zilizopelekwa kwa muuzaji ni ngapi zilizopokelewa. Muuzaji ambaye simu zake nyingi zinapokelewa alipandishwa juu. Nilimwonyesha mwenye kampuni mchoro wake, akanipa mkono. Miezi michache baadaye faida ya Tanzania ilipanda, na wote tukafurahi.

Baada ya mjomba kunikemea nilikwenda kuitafuta simu ile katika kumbukumbu za mtambo. Niliiona: siku, saa, sekunde 74, muuzaji fulani aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha yangu. Na jinsi namba ya 07 ilivyoingia sikuhitaji kuambiwa. Simu ilitoka London kwa intaneti, ikafika katika chumba fulani huko nyumbani chenye kisanduku kilichojaa laini za simu za mkononi, kikapiga kama vile anavyopiga jirani. Kwa njia hiyo wenye kisanduku hukwepa malipo ambayo simu ya kimataifa inapaswa kuyalipa kwa kampuni za simu za nchi na kwa serikali. Ndiyo sababu ni rahisi. Na ndiyo sababu sauti inakatika, kwa kuwa simu nyingi hubanwa katika uchochoro mmoja mwembamba wa intaneti.

Ningeishia hapo. Lakini nilipokuwa nazitazama simu za muuzaji yule nikaona jambo la ajabu. Zilikuwapo simu nyingi mno za sekunde 11. Si 9, si 15. Mazungumzo ya watu hayako hivyo. Mmoja huzungumza dakika 2, mwingine 20, na wachache hukata upesi. Hapa kulikuwa na lundo kama kichuguu katikati ya uwanja.

Wenzangu kazini, ambao hawakujua Kiswahili, wangeweza kuitazama hesabu hiyo mwaka mzima. Mimi nilikaa nayo usiku mmoja, na ghafla nikaisikia. Sekunde 11 ni muda wa yule dada wa kwenye mtambo kusema kwamba namba unayopiga haipatikani kwa sasa, akarudia kwa Kiingereza, na mpigaji akakata simu kwa kusonya.

Maana yake ni hii. Katika simu za intaneti mitambo huambiana kwa namba. Ikisemwa 180, simu inaita. Ikisemwa 200, imepokelewa, na hapo ndipo saa ya malipo inapoanza kutembea. Muuzaji yule alikuwa anasema 200 mara tu anapoanza kupiga, hata kama simu ya upande wa pili imezimwa, hata kama mwenye simu yuko bondeni ambako mnara haufiki. Naye alitutoza. Nasi tulimtoza mteja, si sekunde 11 bali dakika nzima, kwa sababu hesabu yetu ilikuwa ya dakika, na juu yake ada ya kuunganishwa. Na ile programu yangu ya werevu, iliyowapandisha wale ambao simu zao zinapokelewa sana, ilimwona muuzaji anayeongopa kuwa ndiye bora kuliko wote. Kadiri alivyodanganya ndivyo nilivyompa kazi zaidi. Na ile faida iliyotufurahisha ilitokana na huyo dada wa haipatikani.

Hapo nikamkumbuka Babu. Alikuwa mzee wa Tanga tuliyezoea kukutana naye katika duka moja la mashariki ya London lililouza sembe, dagaa na kadi za simu. Juma moja kabla, nilimkuta akilalamika kwa mwenye duka. Ndugu yake alikuwa mgonjwa sana nyumbani. Amenunua kadi ya pauni 5, kila akipiga anaambiwa mtu hapatikani, na sasa kadi imekwisha bila ya kuongea na mtu hata mmoja. Mwenye duka alimjibu kwamba mashine haiwezi kusema uongo, labda Babu amebonyeza vibaya. Nami nilikuwepo, nimeshika mfuko wangu wa sembe. Sikusema neno. Kusema kweli niliwaza kwamba wazee hawajui kutumia kadi.

Sasa, kujua ni jambo moja, kuthibitisha ni jingine. Mwenye kampuni angetaka ushahidi, na simu ya sekunde 11 yaweza kuwa ya mtu aliyepokea akasema hayupo. Nikampigia mjomba, safari hii kwa simu ya kawaida ya bei mbaya. Baada ya "shikamoo mjomba" na "marahaba", na kukemewa kidogo tena, nilimwomba jambo moja: kila Jumamosi saa sita mchana atoe betri kwenye simu yake kwa nusu saa.

"Kwa nini?"

"Nataka kukupigia."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Unataka kunipigia, hivyo nizime simu."

Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akakubali. Basi Jumamosi nne mfululizo, mjomba aliketi Gairo na betri mkononi, nami kule London nikampigia kwa kila muuzaji mmoja mmoja. Simu iliyotolewa betri haiwezi kupokelewa na mtu. Muuzaji aliyesema 200 alikuwa ameongopa, hakuna tafsiri nyingine. Kati ya wauzaji 9, wanne waliongopa, na watatu kati yao ndio niliokuwa nimewaweka juu kabisa. Nimesikia tangu hapo kwamba kampuni kubwa hulipa fedha nyingi kwa mitambo ya kufanya jaribio la namna hiyo. Sisi tulilifanya kwa mjomba mmoja.

Mwenye kampuni hakuwa mtu mbaya. Aliyasoma maelezo yangu yote, akauliza swali ambalo mpaka leo naona lilikuwa la haki. "Nikiwaondoa hawa wanne, bei yangu itapanda. Mteja akiona kadi ya jirani inaahidi dakika nyingi kuliko yangu, atanunua ya jirani. Na jirani anawatumia hawa hawa. Tutakuwa tumemsaidia nani?" Nilimjibu kwamba dakika zile za jirani hazipo. Akasema mteja anasoma kilichoandikwa kwenye kadi, hasomi kumbukumbu za mtambo.

Tulikubaliana nusu nusu. Wawili waliondolewa siku ile ile. Wawili walipewa onyo, mmoja akajirekebisha, mwingine nikamwondoa bila ya kuuliza. Programu niliibadilisha: ikiona lundo la simu fupi za urefu mmoja, humshusha muuzaji yule mpaka chini, na simu ya chini ya sekunde 15 kwa njia inayoshukiwa haitozwi mpaka ichunguzwe. Hesabu ya dakika nzima nzima ilibaki. Hilo alikataa katakata. Kuhusu kurudisha fedha, aliyelalamika arudishiwe, asiyelalamika basi. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kila kadi iliyoumia, zilikuwa mamia, nayo faili lile lilibaki kwenye kompyuta yangu. Nilikubali. Nilihitaji mshahara.

Babu nilimnunulia kadi ya pauni 10 kwa fedha yangu. Sikumwambia kwa nini. Alinishika mkono akaniombea dua ndefu pale dukani mbele ya watu, nami nikatamani sakafu ipasuke. Alisema amempata mpwa wake siku tatu baada ya kadi ile kwisha, kwa kuazima simu ya mtu. Maziko yalikuwa yamekwisha.

Mwaka 2013 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilifunga mtambo wa kusimamia mapito ya simu, ambao kati ya kazi zake ni kuwasaka wenye visanduku. Mwaka huo huo kiwango cha chini cha simu ziingiazo kutoka nje kiliwekwa senti 25 za Marekani kwa dakika, kama shilingi 400 za wakati ule, na nathubutu kusema kiwango hicho peke yake kilikuwa kishawishi kizuri kwa mwenye kisanduku. Hatimaye waliopunguza biashara ile si askari wala mitambo. Mwaka 2015 WhatsApp ilianza kupiga simu za sauti, na kadi za kukwangua zikaanza kutoweka madukani. Kampuni yetu ilikuwa imefungwa kabla ya hapo. Gairo nayo ilikwisha kuwa wilaya kamili, iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, na nilirudi nyumbani nikaikuta na ofisi ambazo sikuzijua.

Nilikwenda kweli Desemba ile ya 2007, kwa nauli ya kukopa. Nilishuka Gairo saa nane mchana. Mama hakuwepo stendi. Nilikuwa nimempigia kutoka Dar es Salaam, namba ikaonekana ya 07, akakataa kuamini. Nilimkuta kijijini anachambua maharage, akanitazama toka mbali, akaendelea na maharage yake mpaka nilipofika mlangoni.

Mpaka alipofariki, kila nilipompigia simu, kutoka popote, hakuanza kwa salamu. Aliuliza kwanza, "Uko wapi?" Nikishajibu ndipo aliponiruhusu kusema shikamoo.