Majina Nyuma ya Picha

Niliingia studio mwaka 1974, nikaajiriwa kupaka rangi. Wakati huo Mombasa picha za rangi zilikuwa ghali, na mteja aliyetaka shavu lake liwe na damu na leso yake ionekane nyekundu alipigwa picha nyeusi na nyeupe, kisha ikaletwa kwetu chumba cha nyuma. Tulipaka rangi za mafuta kwa pamba iliyosokotwa kwenye kijiti: uso kwanza, nguo baadaye, dhahabu mwisho. Kazi ngumu zaidi ilikuwa ya penseli. Negativu huwekwa juu ya kioo chenye mwanga chini yake, nawe unajaza kidogo kidogo mikunjo ya uso, kwani unapotia weusi kwenye negativu ndipo panapotoka peupe kwenye karatasi. Nimewapunguzia miaka wazee wengi wa mji huu, na sikuwahi hata kuonana nao.

Mji wetu ulikuwa mji wa studio. N. V. Parekh alifungua yake mwaka 1942, na watu wa kila kabila na dini walipita mbele ya kamera yake. Unguja ilikuwako Capital Art Studio ya Ranchhod Oza tangu mwaka 1930, na kabla yake, tangu karne ya 19, Wagoa kina Gomes na ndugu wa Coutinho. Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe, akikata picha na kuziunganisha hata mtu akatokea mahali asipowahi kusimama. Nawaheshimu wote, na kazi yao nimeitumikia kuliko yangu mwenyewe. Lakini walikuwa wanaume, na ipo sehemu ya maisha ya Pwani ambayo mlango wake ulikuwa umefungwa kwao.

Sehemu hiyo ni siku ya kupamba. Bibi harusi hukaa mbele ya wanawake wenzake, mikono ina hina na piko, nywele zimejaa asumini, na dhahabu yote ya ukoo iko mwilini mwake. Hakuna mwanamume anayeingia. Kwa hivyo saa ambayo mwanamke alionekana kwa fahari kuliko zote haikuwa na picha, isipokuwa ndugu awe na kamera ndogo na bahati.

Mwaka 1978 alikuja studio mama mmoja mwenye harusi, akakaa, akakataa soda. Akamwambia fundi wangu, "Huyu binti anayepaka rangi, hajui kushika kamera?" Fundi akanitazama. Akasema ataniazima Yashica yake ya lenzi mbili. Yule mama alikuwa bado hajamaliza: "Na mkanda usisafishwe na mwanamume. Wala usikae hapa usiku mmoja."

Basi juma hilo nilifundishwa chumba cha giza, nami hadi hapo nilikuwa nikikijua kwa harufu tu. Mkanda huingizwa kwenye tangi lake gizani kabisa, kwa vidole, bila taa yoyote. Karatasi ndiyo inayovumilia taa nyekundu. Nilizoea kwa mkanda mbovu huku nimefumba macho mchana, hata vidole vikajua njia. Usiku wa harusi nilikuwa na picha 12 kwa kila mkanda, kwa hivyo sikupiga hovyo. Nilingoja. Bibi harusi alikuwa ameinamisha macho kama ada inavyotaka, na mara moja tu, shangazi yake alipomrekebishia kipuli, aliyainua akamtazama. Hiyo niliipata. Alfajiri, picha hiyo ilipojitokeza kwenye sinia ya dawa, kwanza nywele, halafu ukingo wa sikio, halafu macho yale, nilijua kwamba sitarudi kwenye pamba na kijiti.

Harusi moja ilizaa nyingine. Nilienda Lamu, Malindi, Vanga. Kilichonipa kazi ni uaminifu, kamera ilifuata nyuma. Juu ya kila bahasha ya negativu, na katika daftari langu, niliandika kwa penseli laini jina la bibi harusi, jina la mama yake, mtaa, tarehe, na nani ameruhusiwa kuziona. Wengine walichukua negativu zao; wengine waliniachia, wakisema kwangu ni salama kuliko kwenye kabati la nyumba yenye wajomba wengi. Mashine za kusafisha picha za rangi zilipoenea mjini miaka ya 1980, mkanda ulipita mikononi mwa vijana wa dukani, na kila familia ilibidi iamue. Nyingi zilitaka rangi. Zilizokataa ziliendelea na mimi kwa picha nyeusi na nyeupe, na hizo ndizo picha zangu bora, kwa sababu waliopigwa walikuwa hawana hofu. Video zilipokuja, nikazikataa. Kanda ya video hunakiliwa usiku mmoja, na kesho yake iko Jeddah.

Daftari lile la majina ndilo lililonigeuza kuwa mhifadhi. Studio zilipoanza kufungwa, watoto wa wenye studio walikuwa hawajui wafanye nini na masanduku ya negativu. Nikaanza kuyachukua. Hewa yetu ya chumvi na joto haina huruma: ukungu huota juu ya negativu na kula sura, na filamu za asetati zikianza kuoza hutoa harufu ya siki; sanduku likinuka hivyo, litenge upesi kabla hayajaambukizwa mengine. Hayo nilijifunza polepole kutoka kwa wahifadhi wenzangu. Jambo ambalo hakuna aliyenifundisha ni kwamba sanduku zuri, kavu, lenye bahasha safi, bado ni sanduku la watu waliopotea ikiwa hakuna majina.

Jambo hilo lilinikaa zaidi nilipopata habari za mpiga picha Seydou Keïta. Mwaka 1991 picha zake zilitundikwa New York bila jina lake. Ziliandikwa kuwa za mpiga picha asiyejulikana wa Bamako, ilhali Bamako nzima ilimjua, naye alikuwa hai. Na ikiwa mpiga picha alisahauliwa hivyo, aliyepigwa je? Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za tangu mwaka 1860 hadi 1960. Nashukuru zimehifadhiwa na kuwekwa mtandaoni. Nimezipitia usiku mwingi. Gavana ana jina, meli ina jina, na mwanamke aliyesimama kwa kanga zake ni mwanamke tu.

Kwa hivyo nilianza vikao. Alasiri, mkeka, kahawa, picha katikati, na wanawake wazima wa Mji wa Kale wamezunguka. Sura peke yake husaidia kidogo. Miaka arubaini hubadili uso. Vitu ndivyo vinavyosema. Bibi mmoja alishika picha ya bibi harusi tuliyeshindwa kumtambua, akaisogeza dirishani.

"Huyu simjui, mwanangu. Lakini kipuli hiki ni cha khalati yangu. Kilikuwa kikiazimwa mtaa mzima."

"Alimwazima nani, nyanya?"

Akahesabu kwa vidole walioolewa na kipuli kile, mmoja baada ya mwingine, pamoja na waume zao na nyumba walizohamia. Watatu kati ya hao walikuwa katika masanduku yangu bila majina. Kabla ya Magharibi, wote walikuwa wameandikwa.

Nilipoandaa maonyesho yangu ya kwanza, niliweka vyumba viwili. Kimoja cha watu wote: mabaharia, wanafunzi, ndugu wawili na baiskeli yao. Cha pili cha wanawake peke yao, simu zikiachwa mlangoni. Ofisa mmoja aliniambia maonyesho yanayofungia nusu ya watu nje si maonyesho. Nilimjibu kwamba wenye picha wameruhusu hivyo tu, na ruhusa ndiyo msingi wa ukuta huu kuliko misumari. Mlango ulibaki hivyo. Siku ya pili mama mmoja alisimama mbele ya picha yake ya mwaka 1983, akalia kidogo, akacheka, kisha akaniomba niishushe. Mumewe amefariki na hataki tena kuonekana vile. Niliishusha mbele yake. Nafasi ile niliiacha wazi, na chini yake nikaandika kwamba mwenyewe ameiondoa. Wageni walisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Baadaye alikuja mnunuzi kutoka ng'ambo aliyetaka mkusanyo wote, kwa bei ambayo ingeninunulia nyumba. Nilimwonyesha daftari. Nikamwambia kila bahasha ina mwenyewe, na yeyote kati yao aliye hai au mwenye binti, aende akamwombe. Hakuenda kwa hata mmoja.

Sasa mpwa wangu ndiye anayezipitisha negativu kwenye skana, naye ana masharti mawili aliyoyakubali kwa mdomo na kwa maandishi: faili la bibi harusi halitoki kwenye mashine isiyo na intaneti, na jina huandikwa kabla ya picha kuskaniwa. Masanduku ya Lamu bado yana nyuso nyingi tusizozijua. Baada ya Ramadhani tunakwenda na nakala, yeye na mimi, kukaa na wazee wa huko.