Usitupe Ile Kibodi ya Zamani Bado

Wacha niseme moja kwa moja: mimi sitamcheka tena mtu mwenye kompyuta ya kizamani. Nilikuwa mmoja wa wachekaji, na mnaonifuata hapa mnajua. Niliwahi kupiga picha ya kompyuta ya mezani kwenye saiba moja ya kwetu, kibodi imegeuka manjano, nikaandika chini yake "makumbusho". Mlicheka sana. Leo nimeifuta hiyo picha, na ninawaeleza kwa nini.

Dana alifariki Agosti. Dana ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita nyanya. Kwetu ni karibu na Asumbi, ukitoka Rongo ukielekea Homa Bay. Mimi ndiye "mtu wa kompyuta" wa familia, kwa hivyo nikapewa kazi moja tu: niwaonyeshe watu picha zake usiku wa mkesha, na niwasikilizishe sauti yake. Nilikuwa nimemrekodi dakika nne hivi akisimulia alivyobeba samaki kichwani kwenda sokoni akiwa msichana. Baadhi ya binamu zangu wa Mombasa hawakuwa wamesikia hiyo sauti miaka mingi.

Laptopu yangu ni mpya, nyembamba kama daftari. Ina matundu mawili ya USB-C na la earphone, basi. Projekta tuliyoazima ilikuwa na VGA pekee, ile plagi ya bluu yenye pini 15 na skrubu mbili pembeni. Saa kumi na mbili jioni nilisimama na kebo mkononi, nikigeuza laptopu upande huu na upande ule. Hapakuwa na pa kuchomeka.

Najua mtasema ningenunua adapta. Nilimtuma mtu wa boda hadi Rongo. Alirudi na adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA, na laptopu yangu haina HDMI. Kosa ni langu, sikumweleza vizuri. Lakini giza lilikuwa limeingia, maduka yamefungwa, na watu wameshakaa kwenye viti wakiangalia shuka nyeupe tuliyotundika ukutani.

Kati ya waliokuja kutupa pole alikuwa mwalimu mstaafu mwenye saiba sokoni. Akaniuliza, "Wuoda, kuna shida gani?" Nikamweleza. Hakusema mengi. Alipanda pikipiki, na baada ya nusu saa akarudi na gunia. Ndani kulikuwa na CPU, maus na kibodi iliyogeuka manjano.

Ndiyo. Ile ile.

Tulichomeka VGA kwenye projekta na kukaza skrubu. Picha na rekodi zilikuwa pia kwenye simu yangu, kwa hivyo tukaunganisha simu kwa kebo ya kuchajia. VGA haibebi sauti, kwa hivyo tukatoa waya kwenye tundu la earphone hadi kwenye mikisa ya mtu wa spika. Kibodi na maus zikaingia kwenye yale matundu ya duara nyuma, ya zambarau ni ya kibodi na ya kijani ni ya maus. Ikawaka. Dana akasikika hadi barabarani, na mama yangu akafunika uso kwa leso.

Sitawadanganya kwamba mambo yalienda sawa mpaka mwisho. Stima ilikatika mara moja, kompyuta ikazima pale pale, tukaanza upya. Laptopu ingeendelea na betri yake. Lakini laptopu yangu, na bei yake yote, ilikuwa imekaa kwenye begi.

Wiki iliyofuata nilienda saiba kwa Mwalimu kumshukuru na kumwomba msamaha kwa ile picha. Alicheka, akasema wajukuu zake ndio waliomwonyesha. Kisha nikamuuliza kwa nini bado anatumia vitu hivi. Nilidhani atasema ni mazoea. Alinipa hesabu.

Ile kompyuta imebaki na matundu mawili tu ya USB yanayofanya kazi. Moja ni la printa. La pili ni la flash za wateja: barua za kuomba kazi, fomu za KRA, kazi za wanachuo. Akichomeka kibodi ya USB na maus ya USB, printa itaenda wapi? Yale matundu ya duara, yanayoitwa PS/2, yanamwachia USB zote mbili. Kwake hilo ni suala la mkate wa kila siku.

Pili, kibodi ya kando ikimwagikiwa chai, unaichomoa na kuchomeka nyingine. Kibodi ya laptopu ikiharibika, fundi anaweza kulazimika kuifungua mashine nzima, na wewe umekaa nje ukiomba Mungu.

Tatu, na hili nilienda kulisoma mwenyewe: kibodi ya USB husubiri kompyuta iulize kila mara kama kuna kitu kimebonyezwa. Kibodi ya PS/2 haisubiri kuulizwa, yenyewe huikatiza kompyuta na kusema "nimebonyezwa". Ukiwa unachapa barua hutahisi tofauti yoyote, tusidanganyane. Lakini siku mashine ina shida na USB zimegoma, kibodi ya PS/2 mara nyingi hukuwezesha kuingia kwenye mipangilio na kuirekebisha. Kitu kimoja tu: izime kompyuta kwanza kabla ya kuichomeka au kuichomoa, maana haikutengenezwa kwa kuchomolewa ovyo kama flash.

Hayo matundu yote mawili, PS/2 na VGA, yalitoka kwa IBM mwaka 1987. USB ilikuja 1996. Mwaka 1998 Apple walitoa iMac isiyo na matundu ya zamani kabisa, na tangu hapo dunia imekuwa ikituambia tuyaage. Lakini vitu haviji kijijini kwa wakati mmoja. Projekta ya kanisa ilikuja kama msaada. Kompyuta za shule nyingi zilishatumika ofisini kabla hazijaletwa. Shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikusanya na kutengeneza mashine kama hizo tangu 2002. Printa ya duka ni ile ya kupiga utepe, kwa sababu ndiyo inayotoa nakala na kaboni yake kwa pigo moja. Kila kifaa kina umri wake. Tundu la zamani ndilo linaloviwezesha vyote hivyo kuelewana.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kitu hakipitwi na wakati kwa sababu kampuni imeacha kukitengeneza. Kinapitwa siku ambapo hakuna kitu karibu nawe kinachoweza kuungana nacho. Kule Asumbi, kwa kipimo hicho, laptopu yangu ndiyo iliyokuwa imepitwa usiku ule.

Msinielewe vibaya. Sisemi turundike takataka za Ulaya kwenye vijiji vyetu na kuziita maendeleo. Kompyuta iliyokufa ni sumu, ipelekwe kwa wanaoichakata. Na tundu la zamani halina hatari, ila mfumo wa zamani unayo. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 mwaka 2020 na Windows 10 Oktoba 2025. Mashine ya aina hiyo usiifungulie benki yako. Mwalimu ameweka Linux nyepesi kwenye yake, na inachapa vizuri tu.

Mimi sasa natembea na adapta mbili kwenye begi. Kabla hujanunua laptopu nyembamba, usiulize tu ina RAM ngapi. Uliza utaitumia wapi, na huko kuna projekta gani, printa gani na stima ya namna gani.

Na kama una kebo ya VGA au kibodi ya PS/2 imelala kwenye droo, niandikie. Mwalimu ananiambia ya kwake imeanza kukosa herufi "n", na hiyo ni herufi ya tatu ya Dana, usiniulize kwa nini nimeihesabu.