Kutembeleana katika Mji wa Leipzig

Tangu tuliporudi kutoka Ulaya, watu wengi wametuuliza habari za huko. Huuliza juu ya theluji, na juu ya magari ya moshi, na kama ni kweli kwamba wakati wa baridi jua huchwa saa kumi ya alasiri. Ni kweli. Lakini mzee mmoja wa mtaa wetu alituuliza neno ambalo wengine hawakuliuliza, akasema, "Je, mlikuwa mkila na nani?" Swali hilo lilitunyamazisha, nalo ndilo tutakalo kulijibu hapa, maana jibu lake ni refu kuliko lile tulilompa siku ile njiani.

Sisi tu mume na mke, sote waalimu. Tulikaa Leipzig, katika nchi ya Ujerumani, tangu mwezi wa Oktoba 2016 hata Septemba 2018, mmoja wetu akisoma katika chuo kikuu. Jina la mji huu si geni kwetu Uchaggani, kwa sababu wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na wazee wetu walilitaja kana kwamba ni kijiji cha ng'ambo ya mto. Kumbe ni mji wa watu wapata 600,000!

Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya orofa tano. Kando ya mlango mkubwa palikuwa na majina ya wapangaji, na kila jina lina kitufe chake cha kengele. Juma la kwanza tulipika chakula kingi kama tulivyozoea, tukingoja watu waje kutuamkia sisi wageni. Hakuja mtu. Juma la pili hakuja mtu. Ngazini walitusalimu kwa adabu, kisha tukasikia funguo zikigeuka, mlango mmoja baada ya mwingine. Tulianza kusema maneno mabaya juu ya watu wale, kwa lugha yetu, bila kuogopa, maana hakuna aliyetuelewa.

Hata siku moja tukakaanga maandazi, tukayaweka katika sahani, tukashuka orofa moja kwa bibi mmoja mjane, tukapiga kengele. Alifungua mlango kiasi cha kutoa uso tu, akauliza, "Je, kuna kitu kimeharibika?" Tukasema hapana, tumeleta maandazi. Akapokea, akashukuru, akafunga. Tukapanda juu kwa hasira. Asubuhi tuliikuta sahani imeoshwa, imo ndani ya mfuko uliotundikwa katika kitasa cha mlango wetu, pamoja na barua ndogo: alitualika kunywa kahawa Jumamosi, saa tisa ya alasiri, lakini si Jumamosi ile, wala ile ya pili yake, bali ile ya tatu. Tulicheka sana. Nani ajuaye kama atakuwa hai Jumamosi ya tatu?

Sasa tutaungama kosa letu. Kwetu mgeni afikaye saa ile ile aliyoambiwa humkuta mwenyeji mikono imo ndani ya unga, naye humtia haya. Kwa hiyo, tukidhani twafanya heshima, tulishuka saa kumi kasa robo. Tulimkuta bibi amekaa peke yake mbele ya meza. Kitambaa cheupe kilikuwa kimepigwa pasi, vikombe vya kauri vimepangwa, keki ya matunda imekatwa vipande, na kahawa imepoa. Hakutukemea. Alisema tu, "Nilidhani mmegeuza nia." Baadaye tulipata kujua kwamba vikombe vile alipewa siku ya arusi yake, na kwamba tangu mumewe afe havikutoka kabatini. Hapo tukafahamu kazi aliyoifanya katika zile siku zake nyingi, ambazo sisi tulizicheka. Keki ilikuwa nzuri, lakini ilitupita kooni kwa shida.

Tangu siku hiyo tulinunua kalenda, tukaitundika jikoni.

Bibi huyu ndiye aliyetufunulia mji. Siku ya Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, alitupeleka katika Kanisa la Mtakatifu Tomaso kusikia waimbaji wavulana. Kwaya hiyo ina umri wa miaka zaidi ya 800, maana ilianza mwaka 1212, na Johann Sebastian Bach aliiongoza tangu 1723 hata alipokufa mwaka 1750. Kaburi lake limo mumo humo ndani ya kanisa. Kiingilio ni sarafu chache. Watu hukaa kimya hata unaogopa kukohoa, wala hakuna apigaye makofi wala vigelegele. Mmoja wetu alilia, wala hatutasema ni yupi.

Jumapili maduka mengi hufungwa kwa sheria, na watu hutoka kwenda kutembea. Ukiwauliza, "Mnakwenda wapi?" hujibu, "Hatuendi mahali, twatembea." Jambo hili lilitushinda kulielewa miezi mingi. Sisi hutembea tukiwa na safari, au mgonjwa wa kumtazama, au deni la kudai! Wao huvaa viatu vya nguvu, hulizunguka ziwa, kisha hurudi nyumbani wakiwa na furaha. Tulikwenda nao mara nyingi katika ziwa la Cospuden, lililo kusini ya mji. Zamani palikuwa shimo kubwa la kuchimbia makaa. Walipokwisha kuchimba, waliliacha shimo lijae maji, na tangu mwaka 2000 watu huogelea hapo.

Lakini mahali tulipopaona kuwa petu ni bustanini. Wasomaji wasidhani bustani ya maua tu ya kutazama. Katika Leipzig viko vyama vya bustani zaidi ya mia mbili, na mtu akaaye katika orofa hukodi kishamba chake humo. Sheria ya nchi husema kishamba kisipite mita za mraba 400, yaani kama hatua ishirini kwa ishirini, na kibanda kilichomo kisiwe nyumba ya kukaa siku zote. Tena haifai kupanda majani na maua tu. Sharti sehemu moja iwe ya mboga na matunda. Waalimu wenzetu watafurahi kusikia kwamba asili ya jambo hili ni shule. Mwaka 1864 mkuu wa shule mmoja wa Leipzig, Ernst Innozenz Hauschild, alianzisha chama cha wazazi na waalimu ili watoto wa mjini wapate uwanja wa kuchezea, akakiita kwa jina la daktari Schreber, ambaye alikuwa amekwisha kufa. Miaka michache baadaye mwalimu mmoja mzee, Karl Gesell, akawapimia watoto matuta kando ya uwanja ili wajifunze kulima. Watoto, kama ilivyo desturi yao, walichoka upesi, magugu yakaota, wazazi wakashika majembe. Na hata leo watu wazima ndio wanaolima.

Bibi alikuwa na kishamba chake, naye mgongo ulikuwa unamwuma. Mwezi wa Aprili alitupa nusu yake tulime. Huko sisi hatukuwa tena wageni wasiojua kutumia mashine ya tikiti. Mikono yetu ilijua la kufanya. Na jambo la ajabu, watu wale wale wafungao milango kwa funguo mbili, bustanini huegemea ua, ambao ni mfupi, hufika kifuani tu, wakaongea na jirani hata jua lichwe. Hakuna kengele wala barua. Mtu huita tu kutoka njiani, na neno lake hilo tulilisikia masikioni kama hodi.

Hatukukosa makosa hata huko. Siku moja tulikuwa tukilima huku tukiimba, na mzee wa kishamba cha pili akaja akatuonyesha saa yake. Kumbe toka saa saba hata saa tisa ya mchana ni saa za kimya, hakuna ruhusa ya kupiga nyundo wala kelele. Tukanyamaza kwa haya. Ilipotimia saa tisa kamili alirudi na chupa ya maji ya matofaa, akaegemea ua, akasema, "Sasa mwaweza kuendelea." Tulipanda maboga, na tulipoanza kuchuma majani yake kwa kupika, majirani walishangaa, maana wao hula boga tu na majani huyatupa. Bibi aliyaonja kwa kijiko kidogo, kama mtu aonjaye dawa. Kisha akaongeza.

Mwezi wa Januari 2018 tulipata habari ya msiba. Mama yetu, mzazi wa mmoja wetu, amefariki, na maziko ni kesho kutwa. Nauli hatukuwa nayo, wala siku hazikutosha. Wasomaji wajua msiba ulivyo kwetu: uwanja hujaa watu kabla hujamaliza kulia. Sisi tulikaa wawili katika chumba, nje theluji, ndani kimya. Jirani wa juu alisikia kilio, akapunguza sauti ya redio yake. Hiyo ndiyo rambirambi aliyoijua.

Siku ya pili, saa tatu asubuhi, kengele ililia. Hatukuwa na miadi na mtu. Alikuwa bibi, amesimama na sufuria ya supu, amevaa nguo nyeusi. Hakuuliza kama ana ruhusa ya kuingia. Alikaa nasi hata jioni, wala hakusema maneno mengi. Aliosha vyombo, akatutaka tumwonyeshe picha ya mama, akaitazama kwa muda mrefu. Kabla ya kuondoka alitupa heshima moja kubwa ya kwao. Lugha yao ina maneno mawili ya kumwita mtu: moja la heshima na la mbali, na moja la ndugu, na aliye mkubwa ndiye mwenye haki ya kulitoa hilo la pili. Alitupa hilo, na jina lake la ubatizo. Nasi, kwa kuwa hatukuweza kumwita mwanamke wa umri ule kwa jina tupu, tulimfundisha kuitikia "marahaba." Toka siku hiyo ngazini tulimwambia shikamoo, naye aliitikia kwa sauti hata orofa ya tano wakasikia.

Sasa tumo nyumbani, na watu hupiga hodi saa yoyote wapendayo. Twakubali kwamba mara nyingine, hodi ikija tunapokosoa madaftari ya watoto, mmoja wetu huitazama kalenda. Bibi hutuandikia. Katika barua yake ya mwisho alisema kwamba maboga yameota yenyewe karibu na ua, na kwamba amemfundisha yule mzee mwenye saa namna ya kuambua nyuzi za majani kabla ya kuyapika.